Manda wa papadi: Alimsindikiza binti kwenye usaili, akaitwa yeye

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mlango wa chuma wa ushirika wa kina mama, nyuma ya soko la nafaka mjini Barshi, India, bado umefungwa, lakini foleni imeshafika kwenye duka la mbolea. Wanawake sitini na kitu wamesimama na makopo yao ya bati mikononi, shali zimefungwa masikioni kwa ajili ya baridi, na kila mmoja anaongea kana kwamba aliye mbele yake ni kiziwi.

Wa kumi na moja kwenye foleni ni Mandakini Gavhane, mwanamke mfupi wa miaka 47, sari ya kijani, miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kwenye kopo lake mna kilo sita za papadi, vichapati vikavu vya kukaanga, alizozisukuma jana kwa mkono, nyembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili, akazianika juani na kuzipanga moja juu ya nyingine.

Pikipiki ya muuza maziwa inapita, inasimama, inarudi nyuma.

"Wewe si yule wa kwenye televisheni?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Sasa huku unafanya nini?"

Kabla Manda hajajibu, mwanamke mnene aliye nyuma yake anadakia. Huyo ni Chhabu, rafiki yake wa miaka ishirini.

"Anapanga foleni, unamwona anafanya nini? Piga picha yako upesi uende, maziwa yanaganda hayo."

Manda anacheka, anainua kopo lake kifuani kama mtu aliyeshika kikombe cha ushindi, na muuza maziwa anapiga picha tatu. Ya nne anakatazwa na Chhabu.

Kwa wale wasiotazama televisheni jioni, na Barshi nzima huenda wako wawili, Manda ndiye aliyeshika nafasi ya pili mwaka huu katika Sauti Mia, shindano la uimbaji lililodumu wiki kumi na nne na kurushwa jimbo zima la Maharashtra. Alianza akiwa mmoja kati ya watu elfu mbili na mia tatu waliopanga foleni mjini Solapur. Tena yeye hakuja kuimba. Alikuja kubeba chakula cha mchana.

Manda alizaliwa kijiji kimoja karibu na Vairag. Aliacha shule darasa la nne ili achunge mbuzi, na akiwa na miaka 17 aliolewa Barshi na Eknath Gavhane, fundi wa pampu za visima. Nyumba ilikuwa ya Eknath kwa jina tu. Mwenye amri alikuwa mama yake, Yesubai.

"Nilikuwa sijui kusaga," Manda anasimulia, mikono ikiendelea na kazi, kwani sasa tumeshafika kwake na donge jipya la unga wa choroko nyeusi liko juu ya kibao. "Kijijini kwetu kulikuwa na mashine. Hapa nikakuta jiwe. Zito kama ng'ombe aliyelala. Na mama mkwe amekaa upande wa pili ananitazama."

Wanawake wa kizazi cha Yesubai walikuwa na desturi yao. Jambo zito hawakumwambia mtu usoni. Waliliimbia jiwe, na mhusika akasikia mwenyewe. Wiki ya kwanza tu, Yesubai akaanza:

*Mwanangu kaniletea mkwe, mikono laini kama samli;*
*akilishika jiwe la kusagia, jiwe lamhurumia kweli.*

Majirani walikuja hadi dirishani kusikiliza. Manda alivumilia mwezi mzima akiinamisha kichwa. Asubuhi moja, hajui ujasiri ulitoka wapi, akajibu kwa sauti ileile ya mama mkwe:

*Mikono ya samli, mama, huyeyuka kwa moto wa maneno;*
*punguza moto kidogo tu, nisage unga, si meno.*

"Akasimamisha jiwe," anasema Manda. "Nikajua leo narudishwa kwetu. Akanitazama, akanitazama, halafu akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akaniambia, 'Kumbe una mdomo!' Tangu siku ile tukasaga pamoja."

Yesubai, ambaye sasa ana miaka 78 na amekaa mlangoni akichambua dengu, anasikia kila neno.

"Usiseme tulisaga pamoja," anaingilia. "Mimi nilisaga. Wewe uliimba."

Mashine ya kusaga ilipofika mtaani, jiwe likaegemezwa ukutani. Manda akajiunga na ushirika akiwa na miaka 24, na nyimbo akazihamishia kwenye papadi. Kila siku anachukua donge alfajiri, anasukuma nyumbani, anaanika, anarudisha kesho yake. Kilo sita humpatia karibu rupia mia tatu. Ndiyo pesa iliyomsomesha mwanawe wa pekee, Rohini, na ndiyo iliyomlipa mwalimu wa muziki aliyemfundisha binti huyo kwa miaka sita.

Maana mwimbaji wa nyumba hii alikuwa Rohini. Hilo lilijulikana mtaa mzima. Ana sauti safi, amesomea, anajua nyimbo za filamu mia na zaidi. Mwezi wa tatu ilipotangazwa kwamba Sauti Mia watafanya usaili Solapur kwenye uwanja wa shule, Rohini, aliyekuwa na miaka 19, hakulala siku mbili.

"Mama akasema lazima anisindikize," anakumbuka Rohini. "Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema, 'Najua, ila utasahau kula.'"

Foleni ilisimama tangu saa moja asubuhi. Kufika saa saba mchana jua lilikuwa utosini na binti ameingia ndani kusubiri zamu. Manda alibaki nje chini ya ukuta, na furushi la mikate ya mtama na chatne ya karanga mapajani. Pembeni yake alikuwapo mama kijana aliyekuja na kitoto kichanga. Kitoto kinalia, mama naye anakaribia kulia kwa sababu namba yake inaitwa muda wowote.

"Nikamwambia, nipe mimi, mwanangu, nenda kaimbe," Manda anasema. "Nikakipakata. Hakinyamazi. Nikakiimbia wimbo wa jiwe, ule wa taratibu, maana mwendo wake ni kama wa kubembea."

*Jiwe, zunguka polepole, mtama wangu haujaisha;*
*kaka yangu yuko njiani, vumbi la ng'ombe lamtambulisha.*

Mtoto alilala ubeti wa pili. Ubeti wa nne, kijana wa televisheni mwenye spika za masikio shingoni akasimama mbele yake.

"Nani alikuwa anaimba hapa?"

Manda akadhani amevunja sheria. "Nisamehe, baba. Nimeshanyamaza."

"Usinyamaze! Umejiandikisha?"

"Mimi? Mimi nimeleta chakula."

Dakika kumi baadaye alikuwa na karatasi yenye namba 1,874 iliyobanwa kwa pini kwenye sari, na mtoto wa watu bado amelala mkononi, kwa hiyo mtu mwingine ilibidi amshike mtoto ili mshikaji akaimbe.

Huko ndani, Rohini alishaimba dakika mbili. Majaji walimwambia, "Vizuri, asante." Kila aliyepanga foleni ile anajua maana yake. Alipotoka akamkuta mama yake na namba kifuani.

"Nilicheka," Rohini anasema. "Machozi yananitoka na bado nilicheka, nikadhani wamembandikia kwa makosa. Akaingia. Akatoka na kadi ya kwenda Mumbai. Hapo sikucheka tena."

Safari ya kurudi Barshi ni saa mbili kwa basi. Mikate ya mtama ilirudi kama ilivyokwenda.

Siku tisa zilipita hivyo. Rohini alikula, aliosha vyombo, alienda chuoni, alirudi, na mdomo wake umefungwa. Manda aliificha kadi kwenye debe la mchele na kuamua haendi popote.

"Kila nikisukuma papadi nasema, Mungu, kama hii sauti ni ya mwanangu na mimi nimemwibia, basi nipe kikohozi yaishe," anasema. "Nikamwambia baba Rohini sitaenda. Akasema, 'Mimi ni fundi pampu. Pampu ikigoma najua nifanye nini. Nyie wawili mkigoma sijui.' Akaenda zake kazini."

Siku ya kumi Rohini alirudi mapema. Akaingiza mkono kwenye debe la mchele kama mtu anayejua alipokiweka kitu, akatoa kadi, akaibwaga juu ya kibao.

"Nyimbo ngapi za filamu unazijua?"

"Hakuna hata moja ninayoijua mpaka mwisho."

"Kule wataweka maneno kwenye skrini. Utaweza kusoma?"

"Kwa haraka ile? Siwezi."

"Basi tuna kazi." Rohini akavua viatu, akakaa chini. "Na ujue bado nimekasirika."

"Kasirika tu, mwanangu," Manda akamjibu. "Ila funga mlango, upepo unakausha unga."

Mafunzo yakaanza siku hiyohiyo. Rohini aliimba mstari, mama akaurudia huku akisukuma. Mstari ukikosewa, binti alimgonga mama goti kwa mpini wa kusukumia chapati, sawasawa na mwalimu wake alivyozoea kumfanyia yeye. Kwa wiki tano papadi za Manda zilikuwa na umbo la ajabu, na msimamizi wa ushirika alimrudishia kopo zima mara mbili.

Mumbai walimpenda tangu jioni ya kwanza, tena kabla hajaimba. Mtangazaji alimuuliza swali jepesi tu: mume wako anaitwa nani? Manda akainamisha kichwa. Kwa wanawake wa kwao, jina la mume halitupwi hewani kama jina la kituo cha basi. Likitajwa, linatajwa ndani ya ubeti. Ukumbi ukadhani mama huyo amesahau jina la mumewe. Kisha akainua uso:

*Papadi elfu nimesukuma, hakuna hata moja yenye kona;*
*Eknath ndilo jina lake, leo aone haya akiniona.*

Watu walisimama kupiga makofi. Huko Barshi, Eknath, aliyekuwa akitazama pamoja na majirani ishirini sebuleni kwake, aliona haya kweli, akatoka nje kwenda kukagua tairi la baiskeli ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Si kila kitu kilikwenda kwa vicheko. Wiki ya tatu watengenezaji wa kipindi walikuja Barshi na kamera kurekodi maisha ya Manda. Aliyeongoza alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Tushar. Alizima taa ya sebuleni, akafunga madirisha, akamwomba Manda akae kwenye kona na asimulie alivyoteswa.

"Niliteswa na nani?" Manda akauliza.

"Labda mume anakunywa? Anakupiga?"

"Baba Rohini? Yule akiua mbu anaomba radhi."

"Basi mama mkwe."

Kosa la Tushar lilikuwa kumgeukia Yesubai na kamera, akimwomba aangalie chini na kutoa chozi kidogo, watazamaji waone majuto.

"Nilie? Amekufa nani?" Yesubai akafoka.

"Hapana, bibi, ni kwa ajili ya hadithi tu…"

"Washa taa ya watu! Nani amekutuma uje kuzima taa nyumba ya mtu mchana? Wewe mama yako anajua kazi unayofanya?"

Taa ikawashwa. Tushar akapewa chai na sahani ya papadi, na kilichorushwa hewani wiki ile ni Yesubai akimfundisha mwongozaji kusukuma papadi, akimwambia yake imefanana na sikio la nguruwe. Manda anasema kijana huyo bado humpigia bibi simu kila Jumapili.

"Nilimwambia Tushar, shida tumepata kama watu wengine," anasema. "Mwaka wa ukame tulikula mkate na pilipili. Lakini sitaenda kuimba huku namchafua mume wangu ili nipigiwe kura. Nikishinda kwa uongo, nitarudi vipi foleni ya asubuhi? Chhabu atanitazama usoni."

Wiki ya tano ilikuwa mbaya. Alipewa wimbo wa filamu wenye mbio, na pamoja na mpini wote wa Rohini, maneno yalimkimbia katikati. Skrini ilikuwa pale inametameta, yeye anaona herufi zinapita kama mchwa. Alisimama jukwaani kwa muda ambao nyumbani ulihesabiwa kuwa sekunde kumi na moja. Kura zikamweka mkiani. Kwa taratibu za shindano alibakiwa na wimbo mmoja wa kujiokoa siku ya pili.

Simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa Rohini, akilia. "Nimeiharibu kazi yako yote."

Binti akasema jambo ambalo Manda analirudia kwa kila mtu: "Mama, nyimbo nilizokufundisha ni zangu mimi. Zako unazijua. Kesho waimbie ule wa mtoto wa Solapur."

Watengenezaji walifurahia wazo hilo, wakampambia jukwaa. Walileta jiwe la kusagia, kubwa na zuri, limepakwa rangi. Wakati wa mazoezi Manda alikaa chini, akashika mpini, akasukuma, na jiwe likazunguka mara sita kabla hajavuta pumzi. Lilikuwa la sponji.

"Nikawaambia, wanangu, hili jiwe linakimbia kuliko mimi," anasema, na hapa inabidi aache kusukuma ili acheke vizuri. "Ule wimbo unataka uzito. Unasukuma, unavuta pumzi, neno linatoka. Jiwe likiwa jepesi wimbo unakuwa wa harusi ya kuku."

Akaomba waondoe kila kitu na wamletee kibao, mpini na donge la unga. Usiku wa kipindi alikaa jukwaani peke yake, akasukuma papadi halisi, akaimba wimbo wa kaka aliye njiani. Hakuna ala iliyopigwa. Jaji mkuu wa shindano, mtunzi wa muziki Arvind Karkhanis, ambaye kwa wiki tano hakuwa amemsifu mtu, alikaa bila kuandika chochote. Kisha akauliza, "Hiyo papadi utaifanya nini?"

"Nitaianika, bwana."

"Nikaangie, nile mimi."

Tangu hapo hakushuka mkiani tena. Video ya wimbo ule ilitazamwa mara milioni nne ndani ya wiki moja. Mjini Barshi maduka ya simu yalijaza salio bure kwa anayempigia kura, na msimamizi wa ushirika, yuleyule aliyerudisha kopo mara mbili, alining'iniza picha ya Manda juu ya mizani.

Fainali ilikuwa mwezi wa nane. Kila mshindani aliruhusiwa kupanda na mtu mmoja. Watu wote walidhani atampeleka Rohini, na Manda mwenyewe alimwomba. Binti akakataa.

"Nilimwambia ampeleke bibi," anasema Rohini. "Mimi nikipanda pale nataka nipande kwa namba yangu."

Yesubai hakuwahi kufika Mumbai. Alipanda jukwaani kwa fimbo, sari ya yadi tisa, akaziangalia taa, akauliza kwa sauti iliyosikika Maharashtra nzima, "Umeme huu nani analipa?" Wakakaa ana kwa ana kama zamani. Manda akaanza ubeti wa mikono ya samli, ule aliosutwa nao akiwa bibi harusi, kisha akajibu kwa ubeti wake mwenyewe. Ilipangwa wamalize hapo. Bendi ilikuwa imeshainua fimbo za ngoma.

Yesubai akainua mkono kuwazuia. Akaimba ubeti ambao hakuna aliyekuwa ameusikia, hata Manda:

*Nilikuonea, mkwe wangu, jiwe lilikuwa zito kwako;*
*leo dunia na isikie, mkono wangu uko chini ya wako.*

"Miaka thelathini," Manda anasema. Safari hii mikono imesimama yenyewe. "Miaka thelathini hakusema. Alingoja mpaka kamera ziwepo saba ndipo aseme. Nilitakiwa kujibu ubeti. Nilimshika tu miguu."

Mlangoni, Yesubai anapepeta dengu zake. "Nyumbani mngesema nimezeeka, naropoka," anasema. "Pale mashahidi walikuwepo."

Mshindi wa kwanza alikuwa kijana mpaka rangi wa Ratnagiri, na Manda anakuwa mkali mtu akimwambia alidhulumiwa. "Yule mtoto anaimba! Mlimsikiliza au mlikuwa mnanipigia kelele mimi?" Manda alipata rupia laki tatu, kombe la kioo na pikipiki ambayo Eknath anaiendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Barshi walimpokea kwa fataki na matarumbeta kutoka kituo cha reli hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi uliochukua saa tatu. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye foleni na kopo lake. Ni kweli anaimba sasa maonyesho matatu au manne kwa mwezi, Pune, Nashik, Kolhapur, na onyesho moja humlipa kuliko miezi miwili ya papadi. Paa limebadilishwa. Rohini, anayempangia safari zote na kubishana na mapromota bila huruma, ameanza kusomea kurekodi sauti. Mwaka ujao, anasema, atajaribu tena shindano, na mama haruhusiwi kubeba chakula.

Kwa nini basi bado anapanga foleni?

"Siku nisiyo na onyesho nikae nifanye nini? Nijitazame kwenye simu?" Manda anauliza. "Na pale kwenye foleni kuna watu wanaoimba kunishinda. Chhabu ana nyimbo za mvua, ukimsikia utatafuta mwavuli. Lakini yeye hakusimama karibu na mtoto anayelia Solapur. Mimi nilisimama. Ndiyo tofauti yetu."

Jambo moja kwenye televisheni lilimuudhi. Chini ya skrini, alipoimba wimbo wa kaka aliye njiani, waliandika jina lake, kisha wakaandika: mtunzi, wa jadi. Rohini alipoisomea nyumba nzima maandishi hayo, Yesubai aliruka.

"Huyo Wajadi ni nani? Mtoto wa nani? Ubeti wa kaka nimetunga mimi, mwaka Eknath alipong'oka meno ya mbele!"

Kutokana na kelele hizo ukazaliwa mpango ambao Manda anauzungumzia kuliko kombe. Amekodi studio ndogo Pune kwa siku nne za mwezi wa kwanza. Wataenda wanawake kumi na wanane kwa basi moja, wengi wao hawajawahi kuimba mbele ya mtu asiye jirani. Rohini atakaa kwenye mitambo pamoja na mwalimu wake. Kila wimbo utakuwa na jina la mwanamke aliyeutunga, jina la mama yake na kijiji chake, na malipo yake yataenda kwake. Manda ameanza kuandika orodha hiyo mwenyewe, kwa herufi kubwa za darasa la nne, ameshafika mtu wa kumi na mbili. Kila jioni Rohini humsahihisha, bila mpini.

Wawili wamesitasita, mmoja mumewe ameweka masharti, na Chhabu ametangaza kuwa asipokaa dirishani ndani ya basi, hata za mvua haimbi.

"Atakaa dirishani," Manda anasema. Papadi ya mwisho imeshatoka kwenye kibao. Anaibeba kwa vidole vya mikono miwili hadi kwenye mkeka juani, anailaza, anarudi akijifuta unga kwenye sari. "Nikuombe kitu kimoja, mwandishi. Ukija tena mwakani, uanze na Chhabu. Halafu umfuate yule wa Pangri mwenye nyimbo za ndama, halafu wengine. Mimi uniache wa kumi na nane. Na ukifika kwangu ukakuta daftari lako limejaa, uniambie tu, mama, habari zako tunazo. Hapo nitakuwa nimefurahi sana."